Neno na Mwenye Kulitamka: Tamthilia za Ebrahim Hussein Zikisomwa Kutoka Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Ebrahim Hussein ni miongoni mwa watunzi wa tamthilia ya Kiswahili waliohakikiwa sana, lakini pia ni miongoni mwa waliogawanywa sana vipande. Mazoea ya madarasani ni kuikata kazi yake sehemu tatu. Kwanza kuna Hussein wa Kinjeketile (1969), mzalendo, mwenye kueleweka na kupendwa. Kisha kuna Hussein wa Mashetani (1971) na wa michezo ya 1976, ambaye husemwa kuwa ni mgumu, mwenye jazanda nzito na asiyemwonea huruma msomaji. Mwisho kuna Hussein aliyenyamaza: baada ya Kwenye Ukingo wa Thim (1988) hakuna tamthilia nyingine yake iliyokuja kupata umaarufu wa zile za mwanzo. Mgawanyo huo una manufaa kwa mtahiniwa, ila unaacha taswira ya mtunzi aliyeanza kwenye mwanga akaishia gizani.

Makala haya yanashikilia rai tofauti. Yanadai kwamba kuna swali moja linalopita katika kazi yote ya Hussein, tangu mwanzo hadi mwisho, nalo ni hili: neno likishatamkwa hadharani, ni la nani? Yanadai pia kwamba swali hilo huonekana kwa uwazi zaidi tamthilia hizi zinaposomwa kutoka mahali ambapo hazikuandikwa, yaani pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Likoni kupita Diani, Gazi na Msambweni hadi Vanga. Eneo hilo, ambalo leo kwa sehemu kubwa ni la Kaunti ya Kwale, lina historia ya maasi, ya pepo na ya viapo ambayo inazigusa tamthilia za Hussein pale hasa ambapo wahakiki wamezoea kupita haraka.

Pwani moja, mpaka mmoja

Hussein alizaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini ya nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika. Kati ya pwani hiyo na Kwale kuna mpaka uliochorwa na wageni. Kwa mapatano ya mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliugawa upande wa bara kwa mstari ulioanzia mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, ukaelekea Ziwa Viktoria. Watu wa pande mbili hizo waliendelea kuoana, kuvua na kufanya biashara. Wadigo na Wasegeju wako huku na huku hadi leo. Kilichogawanyika ni utawala, na baada yake kumbukumbu: shule za kaskazini zikafundisha maasi yao na za kusini yao.

Mfano mmoja wa jinsi kumbukumbu hizo zilivyokuwa zimeshikana ni Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi. Baba yake alikuwa miongoni mwa viongozi wa Mazrui wa Mombasa waliokamatwa na Seyyid Said mwaka 1837, na nasaba hiyo ikapoteza mji. Mbaruk alijijengea nguvu Gazi na kwa miaka mingi akawa akiwaasi masultani wa Zanzibar, mara akipatana nao, mara akirudi msituni. Mgogoro wa urithi wa Takaungu ulipozuka mwaka 1895, aliingia vitani na Waingereza, ambao mwezi Julai mwaka huo huo walikuwa wameichukua nchi kutoka kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Boma lake la Mwele, kwenye vilima nyuma ya pwani, lilitekwa mwezi Agosti. Vita viliendelea hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka pamoja na wafuasi wake wengi akajisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Tarehe hizo zina maana kwa msomaji wa Kinjeketile. Vita vya Maji Maji vilipoanza katika vilima vya Umatumbi mwezi Julai 1905, mwasi wa Gazi alikuwa yu hai, chini ya bendera ile ile ya Mjerumani ambayo Wamatumbi walikuwa wakiipiga vita. Maasi mawili ya pwani moja yalikuwa yamepishana kwa miaka tisa tu. Hata hivyo moja limepata tamthilia inayosomwa Afrika ya Mashariki nzima, na la pili limebaki katika vitabu vya wanahistoria na katika nyumba kuukuu ya Gazi.

Mwanzo: mlango wa nyumba

Hussein hakuanza na historia. Michezo yake ya awali, Wakati Ukuta na Alikiona, ambayo ilikusanywa katika Michezo ya Kuigiza iliyotolewa Nairobi mwaka 1970, inahusu nyumba. Katika Wakati Ukuta mgogoro unaanzia kwa binti anayetaka kutoka kwenda senema na wazazi wanaokataa. Alikiona ni kichekesho cha unyumba na udanganyifu. Wahakiki huziona kazi hizi kuwa mazoezi ya kijana aliyekuwa akijifunza kanuni za tamthilia ya Kizungu: mgogoro, kilele, anguko, na mazungumzo yanayofuata mantiki.

Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Tayari katika Wakati Ukuta, methali ambayo jina la mchezo limekatwa kutoka kwayo inatumiwa kama mali inayogombewa. Wazee wanadai wanaijua maana ya wakati. Vijana wanadai wakati ni wao. Maneno ya busara hayana tena mwenyewe mmoja anayetambuliwa na wote. Hilo ndilo swali la mtunzi, likiwa bado dogo, likiwa bado ndani ya mlango wa nyumba.

Kinjeketile: neno lililomponyoka mwenyewe

Katika miaka ya mwisho ya 1960, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa uwanja wa utafiti juu ya Maji Maji. Masimulizi ya wazee yalikuwa yakikusanywa, na taifa jipya lilihitaji mashujaa waliowaunganisha watu wa makabila mbalimbali kabla ya TANU. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kuwakinga wapiganaji na risasi, alikuwa shujaa aliyestahili kazi hiyo. Hussein aliichukua hadithi, na katika dibaji akamwonya msomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa. Onyo hilo lilikuwa la lazima. Katika historia, Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Katika tamthilia anaishi hadi kushindwa, kwa sababu mtunzi anamhitaji ayaone matokeo ya neno lake.

Mpangilio wa mchezo ni mwepesi kuueleza. Watu wana njaa na wanalazimishwa kulima pamba ya Mjerumani. Kinjeketile anachukuliwa na pepo Hongo, anaingia majini, anatoka na maji na habari ya umoja. Makabila yaliyokuwa yakidharauliana yanakuja kwake. Kitunda, mwenye akili ya kijeshi, anataka muda wa kufundisha wapiganaji. Kinjeketile mwenyewe anawaambia wangoje. Hawangoji. Imani aliyoizaa imekwisha kuwa kubwa kuliko yeye, nayo haisikii tena amri yake.

Kiini cha uchungu wa mchezo, hata hivyo, kipo katika jambo ambalo wasomaji wa bara aghalabu hulipita. Katika ufunuo wake, Kinjeketile ametangaza kwamba watu wakishamfukuza Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said. Baadaye anarudi kwenye maneno yake mwenyewe na kuogopa. Je, Hongo alisema hivyo, au ni yeye Kinjeketile aliyeyachanganya maneno ya pepo na ya dunia? Je, mtu anafukuza bwana mmoja ili ampokee mwingine? Kutoka hapo shaka inaingia ndani ya unabii na haitoki.

Msomaji aliyeketi Dodoma anaweza kulichukua jina la Seyyid Said kama alama tu ya utawala wa Waarabu kwa jumla. Msomaji wa Gazi hawezi. Kwake jina hilo lina tarehe, 1837, na lina majeruhi wanaojulikana kwa nasaba. Wala majeruhi hao si wasio na hatia, kwani Mazrui nao walikuwa mabwana wa mashamba na wa watumwa. Kwa baadhi ya Wadigo na Waduruma, Mbaruk alikuwa mshirika, na kwa wengine alikuwa mvamizi. Katika pwani ya kusini ya Kenya, basi, swali la Kinjeketile limekwisha kuulizwa na historia yenyewe. Maasi dhidi ya Mwingereza mwaka 1895 yalikuwa ya kumkomboa nani? Mtumwa aliyebeba bunduki ya bwana wake hadi Mwele alikuwa akipigania uhuru wa nani? Hussein hakuandika juu ya Mbaruk, lakini aliandika tamthilia inayofundisha jinsi Mbaruk anavyopaswa kuulizwa: shujaa anaweza kuwa na haki dhidi ya mgeni, na bado neno lake likawa na bwana mwingine ndani yake.

Hapo ndipo mwisho wa Kinjeketile unapopata uzito wake. Akiwa kifungoni na ameteswa, anatakiwa atamke kuwa maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki yake, anamsihi akubali, kwa kuwa watu wamekufa bure. Kinjeketile anakataa. Wahakiki wa mkondo wa kizalendo wameusoma ukataaji huo kuwa ushindi wa kiroho: neno litapokewa na vizazi vijavyo. Inawezekana. Lakini mtu anayekataa ni yule yule ambaye amekwisha kulitilia shaka neno. Anakataa kwa sababu anajua kwamba hana tena mamlaka ya kulifuta. Akisema ni uongo, Mjerumani atalichukua tamko hilo na kulifanya neno jipya, la kuwatawala waliobaki. Kimya chake ni uamuzi wa mtu aliyeyaona maneno yakichukuliwa.

Mashetani: pepo asiyeuawa

Miaka miwili baadaye ilitoka Mashetani, na lawama ya ugumu ikaanza. Marafiki wawili vijana, Kitaru na Juma, wanatoka katika familia zilizopishana njiani. Ya Juma imepoteza mali na hadhi kwa Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964; ya Kitaru inapanda ngazi baada ya uhuru. Vijana hao wanaigiza mchezo ndani ya mchezo, wa shetani na binadamu chini ya mbuyu, na mchezo huo unakataa kuisha. Kitaru anaugua ugonjwa usioelezeka kwa lugha ya hospitali pekee.

Ufafanuzi uliozoeleka ni kwamba shetani ni ukoloni na ukoloni mamboleo, na mbuyu ni jazanda ya mizizi au ya historia. Kwa kuufuata ufafanuzi huo mwanafunzi hujibu swali la mtihani vizuri, kisha hubaki na tamthilia iliyogeuka kuwa fumbo la kutegua. Msomaji wa Diani ana njia nyingine ya kuingilia. Mbuyu kwake ni mti ulio jirani: msikiti wa kale wa Kongo, penye mdomo wa mto Mwachema, umezungukwa na mibuyu. Na shetani kwake ana utaratibu.

Katika ngoma za kupunga pepo, zilizoenea pwani nzima na zinazojulikana vizuri kwa Wadigo, mganga hamuui pepo. Anamwita, anamuuliza jina na kabila. Pepo hujibu kwa kinywa cha mgonjwa, mara nyingi kwa sauti na lafudhi ya kigeni: kuna pepo wa Kiarabu, wa Kimasai, wa Kihabeshi, wa Kizungu. Hutaja anachotaka, iwe ni nguo, chakula au ngoma. Hupatanishwa na mgonjwa, huwekewa mahali pake, na mgonjwa huishi naye kwa masharti. Mkusanyiko wa pepo hao ni historia ya pwani iliyoingia mwilini: kila mgeni aliyepita, mfanyabiashara, mvamizi au mtawala, ameacha sauti yake katika miili ya watu, na sauti hiyo haifukuzwi kwa amri.

Mashetani ikisomwa kwa utaratibu huo, kosa la binadamu wa mchezo wa mbuyuni linaonekana wazi. Anaamini amemuua shetani. Ameruka hatua ya kumuuliza jina. Kizazi cha baba yake Kitaru kimesherehekea kifo cha mkoloni bila kumsikiliza akisema kupitia vinywa vyao wenyewe, katika hamu ya magari, ya vyeo na ya nyumba za waliotangulia. Ugonjwa wa mtoto ni sauti ya pepo ambaye wazazi walidai hayupo. Na Juma, ambaye familia yake inaukumbuka ubwana uliopotea kwa huzuni tamu, ana pepo wake mwingine mwenye jina lile lile lililomtisha Kinjeketile. Hivyo tamthilia hizi mbili zinashikana. Katika ya kwanza binadamu anatamka neno asilolimiliki. Katika ya pili binadamu anatamkwa na neno asilolijua. Ugumu wa Mashetani unatokana na uaminifu wake kwa hali hiyo, kwani mgonjwa wa pepo hawezi kutoa hotuba iliyo wazi kuhusu ugonjwa wake.

Mtambaji

Katika miaka ya kwanza ya 1970 Hussein alikwenda Berlin, Ujerumani ya Mashariki wakati huo, akasoma katika Chuo Kikuu cha Humboldt na kuandika tasnifu ya udaktari juu ya maendeleo ya tamthilia Afrika ya Mashariki. Ingetazamiwa kwamba mtu aliyekaa karibu na jukwaa la Brecht arudi na mchezo wenye mabango na makundi ya wafanyakazi. Alirudi na mtambaji mmoja. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976) ni michezo mifupi ya kishairi ambamo msimulizi anabeba kisa chote, akibadili sauti na mwili, kama afanyavyo mtamba ngano wa pwani. Katika Ngao ya Jadi kijiji kinasumbuliwa na nyoka, nyoka anauawa kishujaa, na ushindi unageuka kuwa hadithi inayowalaza watu hadi hatari inaporudi.

Mabadiliko haya ya fani yameitwa kurudi kwenye asili. Istilahi hiyo inaficha hesabu iliyofanywa na mtunzi. Katika tamthilia ya kawaida, kila mhusika anamiliki maneno yake, na jina lake limeandikwa kando ya kila kauli. Mtambaji anaivunja hati hiyo ya umiliki. Maneno yote yanapita katika kinywa kimoja, na hadhira inalazimika kuamua kila mara ni nani anayesema: shujaa, nyoka, kijiji, au msimulizi anayewacheka wote. Yeyote aliyekaa usiku katika kikao cha ngano huko Msambweni au Lungalunga anajua kwamba hadhira nayo hujibu, huitikia, humsahihisha fanani. Hussein alikuwa akitafuta fani ambamo swali la neno ni la nani linarudishwa kwa wasikilizaji wenyewe.

Arusi na Thim: mila kama hati

Arusi (1980) iliandikwa wakati ahadi za Azimio la Arusha la 1967 zilikuwa zimechakaa, nayo inawaonyesha watu ambao lugha ya ujamaa iko midomoni mwao huku maisha yao yakienda kwingine. Tamthilia hii inahitaji uhakiki wa peke yake. Kwa mintarafu ya makala haya inatosha kusema kwamba neno linaloulizwa safari hii ni neno la dola.

Mwaka 1986 Hussein aliacha kazi ya ualimu wa Chuo Kikuu. Mwaka huo huo, tarehe 20 Desemba, alifariki wakili S. M. Otieno wa Nairobi, na kesi kati ya mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager juu ya mahali pa kumzika ikaitikisa Kenya hadi mazishi ya Siaya mwezi Mei 1987. Kutokana na kisa hicho Hussein alitunga Kwenye Ukingo wa Thim, tamthilia ya mjane Martha anayegombania haki ya kumzika mumewe, Herbert. Neno thim, la Kijaluo, lina maana ya pori lisilokaliwa na watu.

Ni jambo la kuangaliwa kwamba mtunzi wa Kitanzania, aliyesifiwa kwa kulitukuza umoja wa taifa, alimalizia tamthilia zake maarufu kwa kisa cha Kenya ambamo taifa halina sauti ya mwisho. Mila inaingia mahakamani kama hati. Wenye kuisema kwa nguvu zaidi si lazima wawe ndio wanaoiishi. Ni wale wanaofaidika kwa kuisema. Pori la jina la tamthilia haliko kijijini. Liko mahali popote ambapo neno la wazee limetolewa katika maisha yaliyolizaa na kuwekwa mikononi mwa mwenye haja nalo.

Kaya Bombo, 1997

Miaka tisa baada ya Kwenye Ukingo wa Thim, pwani ya kusini ya Kenya ilipata tukio linalosomeka kana kwamba tamthilia zote mbili zimekutana. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua polisi, likachukua silaha na kuanza kuwashambulia watu waliotoka bara. Katika majuma yaliyofuata zaidi ya watu 100 waliuawa na makumi ya maelfu wakakimbia makazi yao. Ilibainika baadaye, mbele ya Tume ya Jaji Akiwumi na katika uchunguzi wa shirika la Human Rights Watch uliochapishwa mwaka 2002, kwamba vijana hao walikuwa wamekula viapo na kupewa kinga, wengine wakiamini kwamba risasi hazitawadhuru, na kwamba Kaya Bombo katika Kwale ilitumiwa kuwa mahali pa kukusanyikia. Uchunguzi huo uliihusisha ghasia hiyo na siasa za uchaguzi.

Madai waliyokuwa nayo vijana yalikuwa na msingi: ardhi iliyotwaliwa tangu enzi ya ukoloni, uskwota katika nchi ya mababu, ajira za hoteli za Diani zilizowapita. Mahali walipoapishwa palikuwa na uzito zaidi. Kaya ni msitu mtakatifu wa Wamijikenda, mahali penye fingo, yaani kinga iliyozikwa na wazee ili kuilinda jamii. Katika mwaka 2008 baadhi ya makaya, ikiwemo Kaya Kinondo ya Diani, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kinga ya kaya ilikuwa ya wote waliomo ndani ya lango. Mwaka 1997 ilichukuliwa ikawa silaha dhidi ya jirani.

Kuna hatari katika kulinganisha. Maji Maji yalikuwa vita vya wanyonge dhidi ya dola ya kikoloni, na waliokufa humo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengine wakikisia hadi 300,000. Likoni ilikuwa ni raia kuwachinja raia. Kuyaweka maji ya Ngarambe na kiapo cha Kaya Bombo katika mizani moja kungekuwa kuwatukana waliokufa pande zote mbili. Lakini tofauti yenyewe ndiyo inayofunza. Neno la Kinjeketile liliwakusanya watu waliokuwa wakibaguana. Kiapo cha 1997 kiliwabagua watu waliokuwa wakikaa pamoja. Kinachofanana ni njia ambayo neno lilisafiri: kutoka kwenye uchungu wa kweli, kupitia chombo kitakatifu, hadi mikononi mwa watu wasiolipa gharama yake. Vijana ndio walioingia mbele ya bunduki, kama Wamatumbi.

Tofauti nyingine ni ya sanaa. Jukwaani kuna nafasi ambamo Kinjeketile, peke yake, anaogopa maneno yake mwenyewe. Historia haitoi nafasi hiyo. Ripoti za tume hutaja majina, tarehe na vielelezo, nazo ni za lazima. Hazina uwezo wa kuionyesha dakika ambamo mwenye kuapisha au mwenye kuapa anajiuliza neno hili limetoka wapi. Dakika hiyo ndiyo aliyoitunga Hussein mwaka 1969, na bila dakika kama hiyo jamii hubaki na wahalifu na wahanga, isiwe na chombo cha kujiuliza.

Kimya

Kimya cha Hussein kimeelezwa kwa namna nyingi: kuvunjika moyo kisiasa, kutengwa, uchovu. Alain Ricard, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya tamthilia ya Hussein na uzalendo wa Tanzania, ameizingatia kazi yote katika muktadha wa taifa lililobadilika. Jina la mtunzi limeendelea kuheshimiwa, hata likapewa Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein iliyoanzishwa Tanzania katika miaka ya 2010. Makala haya hayana haja ya kuingia katika maisha ya faragha ya mtu. Kilichomo ndani ya tamthilia kinatosha.

Kinjeketile alipoona kwamba neno lolote atakalolisema litachukuliwa, alikataa kulisema. Kitaru alipozungumza sana aliugua. Mtambaji wa 1976 alijificha nyuma ya sauti za wengine. Martha alisema mbele ya watu wote asisikilizwe. Mtunzi aliyeyaandika haya kwa muda wa miaka 20 alikuwa ameiandaa hadhira yake kwa kimya mapema sana, na haifai kimya hicho kihesabiwe kuwa ni upungufu uliokuja mwishoni.

Hitimisho

Kwa kuisoma kazi ya Ebrahim Hussein kutoka Gazi, Diani na Kaya Bombo, makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ina mshikamano kuliko inavyodhaniwa. Jina la Seyyid Said katika Kinjeketile linarudi na uzito wake wa 1837. Shetani wa Mashetani anapata utaratibu wake wa ngoma. Mila ya Kwenye Ukingo wa Thim inapata mwangwi katika kaya iliyonyang'anywa kinga yake.

Kwa upande wa pili, pwani ya kusini ya Kenya nayo inaidai fasihi ya Kiswahili. Katika tamthilia ambazo wanafunzi wa Kenya wamekuwa wakitahiniwa, Mbaruk wa Gazi hana nafasi, wala mtumwa wake, wala kijana wa Likoni. Atakayewaandika ana mwalimu. Akianza kwa kumtangaza shujaa, atakuwa ameandika Kinjeketile bila ya shaka yake, yaani maji bila ya Kinjeketile. Akianza kwa kuuliza neno lilikuwa la nani kabla halijatamkwa, na lilikuwa la nani baadaye, atakuwa ameanza pale Hussein alipoanza, mlangoni mwa nyumba, ambapo methali ya wazee ilikuwa tayari inagombewa.